Kidirisha Kimoja Kilinigharimu Mkataba

Juzi usiku kijana mmoja wa Malindi kaniandikia: "Kaka, nina Visual Studio mbili, ya 2019 na ya 2022. Nataka ya 2022, lakini CMake kila ikifungua mradi inaniletea ya 2019. Nimefuta, nimeweka upya, bando la wiki nzima limekwisha. Nifanyeje?"

Visual Studio ni karakana ya kuandikia na kujengea programu; CMake ndiyo inayoiandalia mradi. Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Mimi adha ya namna hiyo ilinitoa kazini.

Nilikuwa nafanyia kampuni moja ya ng'ambo, nikiwa hapa hapa Langoni, Lamu, chumba cha juu nyumbani kwa mama. Mradi wao wa lugha ya C++ ulikuwa wa Visual Studio 2019, na mashine zao zote zilikuwa na toleo hilo. Mimi na kupenda vipya, toleo la 2022 lilipotoka nikalishusha kwa bando la usiku, siku tatu mfululizo. Kisha nikaiambia Windows kila faili la .sln, lile la kufungulia mradi, lifunguliwe na 2022 moja kwa moja. Kwa kawaida faili hizo hupitia kiprogramu kidogo kinachosoma mistari ya juu: kikiona 16 kinaita 2019, kikiona 17 kinaita 2022. Mimi nilimfukuza bawabu kwa mkono wangu.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu adhuhuri. Betri asilimia 14, punda wa jirani analia chini ya dirisha. Nikabofya faili, 2022 ikaja na kidirisha: mradi upandishwe kutoka v142, zana za kujengea za 2019, kwenda v143, za 2022? Chaguo la kutopandisha lilikuwepo pale pale. Nikabonyeza Sawa kama mtu anayeitikia salamu. Kwangu ikajenga bila kosa. Nikapeleka kazi, nikafunga kompyuta, nikenda kuswali magharibi.

Asubuhi simu imejaa. Kwao hakikujengeka kitu: kosa MSB8020, zana za v143 hazipatikani. Dawa yake ilikuwa kurudisha v142, dakika tano hazifiki, lakini mkubwa wao alishaandika mbele ya wote kwamba wa mbali hawasomi wanachobofya. Mwezi ulipokwisha mkataba haukuendelezwa. Sababu hawakuitaja. Bado inaniuma, sitaficha. Na wao walishaharibu makubwa kuliko hayo, mimi nikasafisha kimya kimya.

Basi mdogo wangu, yako ni nyepesi. CMake huandika chaguo lako la kwanza kwenye CMakeCache.txt, ndani ya folda ya kujengea, na haisahau. Weka Visual Studio mpya hata kumi, ikisoma mle inaona "Visual Studio 16 2019" na huko ndiko inakokwenda. Ukiilazimisha inagoma, inasema jina halilingani na la awali. Futa folda hiyo ya build yote, usiionee huruma, msimbo wako haumo mle. Kisha andika:

cmake -S . -B build -G "Visual Studio 17 2022"

CMake yenyewe iwe 3.21 kwenda juu, ya chini ya hapo hailijui jina hilo. Bando lako lilikwenda bure, pole.

Na ukifanya kazi na watu wa 2019, huhitaji kuwakimbia wala kuwaburuta. Ingiza zana za v142 ndani ya 2022 kupitia kisakinishi chake, na kwenye amri ongeza -T v142.

La zaidi ni kusoma. Soma kidirisha. Ukishakisoma, kisome tena. Vijana wa pwani tuna pupa; tukiona kitufe tunabonyeza, kisha tunasema kompyuta ina jini. Ami yangu ni fundi wa majahazi Matondoni. Kabla ya kupigilia ubao huuinua, akafumba jicho moja, akautazama urefu wake, akaugeuza, akautazama tena. Utotoni nilimwona mvivu. Mkataba ulipokwisha nilikwenda kukaa naye wiki nzima, na siku ile ya kwanza alipigilia mbao mbili tu.

Alfajiri kijana kanijibu: "Imekubali kaka, 2022 hii hapa!" Chini yake picha ya mradi wake mwingine, wa chuo, na kidirisha kikiuliza kuhusu v142 na v143. "Hapa nabonyeza Sawa tu, ama?"