Mama mkwe anataka mwanangu ang'olewe ebiino

*Shangazi, salamu. Nina miaka 24, nauza mivumba, nguo za mitumba, sokoni hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Mwanangu wa kwanza ana miezi 4 na wiki moja. Alipofika miezi 3 nilirudi kwenye meza yangu maana pesa iliisha, mtoto nikamwachia mama mkwe. Namnyonyesha alfajiri na nikirudi jioni. Mchana mama humpa maji na chai kavu yenye sukari. Anasema kwa jua hili mtoto atakufa kwa kiu, na kwamba maziwa yangu ni mepesi kama maji.*

*Leo ni siku ya tatu anahara, mwili una joto, anatafuna vidole na udenda unamtoka. Mama amemfungua mdomo akanionyesha fizi zimevimba na kuwa nyeupe. Anasema ni ebiino, yale "meno ya uongo" ambayo watu huku wanaamini ndiyo yanayomharisha mtoto. Kuna mzee anayeng'oa, na tumepangiwa Jumamosi. Mama anasema mtoto wake wa pili alikufa kwa sababu walichelewa kumpeleka. Mume wangu yuko njiani na lori, Mombasa hadi Juba, na kwenye simu anasema nimsikilize mama. Ninaogopa. Nifanye nini?*

*Mama Mwenye Hofu, Busia*

Binti yangu, usingoje Jumamosi. Mfunge mtoto mgongoni sasa hivi mwende kituo cha afya, haya mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni. Mtoto wa miezi 4 akihara siku tatu na mwili ukiwa na joto, hatulali na jambo hilo. Musawo, yaani mhudumu wa afya, ampime malaria na aangalie kama maji yamempungukia mwilini. Kwenye vituo vya serikali ada zilifutwa mwaka 2001, ingawa wewe na mimi tunajua kuna siku kabati la dawa huwa tupu, kwa hiyo beba shilingi chache za duka la dawa. Uliza ORS, ile chumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji, na zinki. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hupewa nusu ya kidonge cha zinki cha miligramu 20, mara moja kwa siku, kwa siku 10, hata kuhara kukikoma kabla. Na muda wote huo titi lisiondoke mdomoni. Ukiona macho yamezama, utosi umebonyea, nepi imekaa kavu nusu siku, damu kwenye choo, au hana nguvu ya kunyonya, panda boda na usibishane nauli.

Umeshapanga foleni? Haya, tuzungumze ebiino.

Nina haki ya kulisema hili kwa sababu nami niling'olewa. Nilihara nikiwa mchanga, nikapelekwa kwa mtu mwenye spoki ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe. Jino langu la chonge upande wa juu liliota limepinda, dogo kama punje ya mchele, na la chini halikuota kabisa. Picha zangu zote za harusi nimefunga mdomo. Mama yangu hadi leo anaamini siku ile aliniokoa, na sijawahi kumbishia.

Hicho cheupe ulichoonyeshwa ni jino la kawaida, la chonge, ambalo bado ni bichi. Mtoto huota chonge akiwa na miezi 16 hadi 22 hivi, lakini jino linakuwa ndani ya fizi muda mrefu kabla ya kutokeza, na linaweza kuiinua fizi ikaonekana imevimba. Udenda na kutafuna vidole ni mambo ya kawaida kwa watoto wa miezi hiyo. Mzee akichimba anatoa kitu laini, cheupe, kama funza, anakiweka kwenye kiganja cha mama na kusema, huyu hapa mdudu. Si mdudu, ni jino la mwanao kabla halijawa gumu. Na hapo hapo jirani ndipo linapoumbika jino la ukubwani, ambalo spoki nayo hulijeruhi. Sijagusa bado damu inayomwagika kwa mtoto ambaye tayari hana maji mwilini, wala pepopunda, wala virusi vya UKIMWI vinavyoweza kusafiri kwenye chuma kilichotoka mdomo mmoja kikaingia mwingine. Madaktari walikuwa wakiandika juu ya mambo haya hapa Uganda tangu miaka ya 1960, na bado kila mtaa unamjua mzee wake.

Utaniuliza, mbona wengi wanaapa kwamba wakishang'oa mtoto anapona? Hesabu siku. Kuhara kwa watoto wengi hukoma kwenyewe ndani ya wiki moja. Mzee huitwa siku ya nne au ya tano, siku ya saba kuhara kunakata, sifa anazoa yeye. Mtoto akifa, wanasema mlichelewa kumleta. Kazi ya namna hiyo mtu hakosei kamwe.

Na hapo "mlichelewa" ndipo alipokwama mama mkwe wako. Kilichomuua mtoto wake sikijui, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba kuna mtu alimwambia mwanamke aliyefiwa kwamba kosa ni lake, na amelibeba miaka yote hii. Sasa anamwona mjukuu anahara vilevile. Usimwite mjinga. Anaogopa kuliko wewe.

Kuhara kwenyewe kumetoka wapi? Mimi nashuku kile kikombe cha mchana. Hata maji yakichemshwa, kuna kijiko, kuna sukari inayotembelewa na nzi, kuna mkono uliotoka kumfuta mtoto mwingine. Na hayahitajiki. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za maziwa yako ni maji, kwa hiyo mtoto anayenyonya anakunywa humo humo, hata Busia jua likiwaka. Ndiyo maana hadi miezi 6 tunaambiwa titi peke yake, na dawa ikiwa musawo ameandika. Chai kavu ndiyo mbaya zaidi: inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, halafu inamjaza tumbo, ukirudi jioni ananyonya kidogo. Titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza. Ukiona yamepungua, mama naye anaona alikuwa sahihi, anaongeza kikombe cha pili. Umeona mnavyozunguka?

Wepesi wa maziwa usikusumbue. Yanayotangulia huwa mepesi, yana rangi ya kibuluu kidogo, mazito hufuata titi linapoelekea kuisha. Mwache amalize titi moja ndipo umpe la pili. Kipimo cha kutosha ni nepi 6 au zaidi zilizolowa mkojo kwa siku, na mstari wa uzito unaopanda kwenye kadi ya kliniki.

Kuhusu kazi, sitakuambia ukae nyumbani. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama aliyeajiriwa siku 60 za kazi zenye mshahara; mwenye meza ya mivumba hakuna anayemlipa hata moja. Kwa hiyo kamua maziwa. Nawa mikono kwa sabuni, weka kidole gumba juu ya sehemu nyeusi ya titi na vidole viwili chini yake, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, rudia. Usivute chuchu, utaumia bure. Siku za kwanza utapata vijiko viwili, utataka kulia. Endelea, wiki haitaisha kabla hayajaongezeka. Yaweke kwenye chombo safi chenye kifuniko, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Bila friji yatumike ndani ya masaa 4, hivyo yale ya alfajiri ni ya asubuhi tu. Kwa mchana, mtoto aletwe sokoni kama saa sita na saa tisa hivi, au wewe ukimbie nyumbani na jirani akuangalizie meza. Angalia meza za nyanya, kuna watoto wangapi wamelala chini yake! Hayo uliyokamua apewe kwa kikombe kidogo cha wazi. Chupa ina pembe nyingi za kuficha uchafu. Usiku mlale pamoja chumbani na anyonye kila anapotaka, maana usiku ndipo mwili unapotoa kwa wingi homoni ya kutengeneza maziwa.

Mama mkwe usimkabili peke yako. Nenda naye kliniki. Mwambie, "Mama, wewe umelea wengi, twende wote umsikie musawo kwa masikio yako." Mwache aulize yeye kuhusu fizi. Neno la musawo mwenye koti jeupe, tena akiwa mtu mzima, litaingia pale ambapo la mke wa mwanawe haliingii. Mkirudi, mkabidhi kazi ya kuchanganya ORS na kumpa mtoto mwenyewe kwa kijiko. Mkono uliozoea kutoa kitu usiuache mtupu, utarudi kwenye chai.

Mumeo mpigie usiku akiwa ameegesha lori. Usimwambie mama yake amekosea. Mwambie musawo amesema nini, dawa gani imetolewa, na kwamba Jumamosi hakuna kwenda kokote. Kama ana shaka, aongee na musawo kwenye simu yako kabla hamjatoka kituoni.

Mzee naye akija kuuliza, mwambie mtoto yuko kwenye dawa. Na ukishatoka kliniki niandikie uzito wake.