Kabla Hujapiga Honi: Kwa Wanaoanza Kazi Kwenye Daraja la Kuinuka

Juma lililopita nilimwona mwanafunzi wetu akinyoosha mkono kwenye honi kabla hajampigia kontrola, yaani mwongozaji wa treni zinazopita juu ya daraja letu, nikashikwa na baridi ya hofu, kwa kuwa kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni hapa sehemu ya juu ya Mto Mississippi.

Kwanza, basi, honi. Mnajua kwamba mlio mmoja mrefu na mmoja mfupi ni ombi la kufunguliwa, na kwamba tukijibu kwa milio hiyohiyo tumekubali. Asubuhi ile ya kosa langu tagi, boti la kusukuma, lilikuwa likishuka na matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, karibu mita 300 za shehena zinazosukumwa na mkondo. Nilijibu papo hapo, nikiogopa kuonekana mzembe, ndipo nikampigia kontrola, naye akaniambia kwamba treni ya mizigo imeshapewa njia. Makufuli ya kipande, ile sehemu ya daraja inayoinuka, hayafunguki mpaka ishara za treni ziwe nyekundu, kwa hiyo treni ilikuwa salama; aliyebaki hatarini ni nahodha niliyemwahidi pito. Nikapiga milio mitano mifupi ya kukataa. Maji nyuma ya tagi yalichemka tope aliporudisha mashine nyuma, na kichwa cha msafara kikaanza kupinda polepole kuelekea nguzo, huku mabehewa yakipita chini ya dirisha langu moja baada ya jingine. Msafara ulisimama ukiwa umebakiza nafasi isiyotosha hata tishari moja. Nahodha hakunitukana. Aliuliza tu redioni, kwa sauti ya chini: “Daraja, ulinijibu ndiyo au hapana?”

Pili, barafu ikishika kwenye kipande, uwiano wake na vizito vya kusawazisha vilivyo minarani hubadilika, kwa hiyo iangalieni mota inavyobeba mzigo mnapoanza kuinua.

Tatu, wanangu, msimwone nahodha kuwa msumbufu. Kule Burlington, Iowa, kipande cha kuzunguka kiliondolewa na cha kuinuka kikawekwa mwaka 2011, kwa sababu pito la zamani liliwabana mno watu wa misafara kama ule niliousimamisha mimi.

Yule mwanafunzi sikumkemea. Niliisogeza simu ya kontrola, nikaiweka mbele ya kitufe cha honi, na hapo ndipo itakapokaa.