Jeki mbili au ree na kumi? Jibu kwa msomaji, na kwa wanaoita hesabu bahati

Msomaji wa Mombasa ameniandikia juu ya Texas Hold'em, aina ya poka ambamo kila mtu ana karata mbili mkononi na tano za pamoja hufunguliwa mezani: "Kaka, nilikuwa na jeki mbili mkononi. Mezani zikafunguliwa karata tatu: mfalme, kumi, nne. Rafiki yangu alikuwa na ree na kumi. Nani kati yetu alikuwa na karata nzuri zaidi?"

Mkipambana nyinyi wawili peke yenu, pea ya jeki inaishinda pea ya kumi, hilo halina ubishi. Lakini mnayemwogopa nyote ni yule mwenye mfalme, na mbele yake mambo yanageuka. Kati ya karata 47 ambazo hujaziona, wewe unaokolewa na mbili tu, jeki zilizobaki. Rafiki yako anaokolewa na tano: kumi mbili na ree tatu. Zikiwa zimebaki karata mbili za kufunguliwa, wewe una nafasi ya kama asilimia 8, yeye kama asilimia 20. Asilimia hizo zake zinashuka iwapo adui ana ree na mfalme, kwa sababu hapo ree haimsaidii tena.

Wiki iliyopita karata hizo hizo zilinipa ushindi kwenye mashindano ya kasino moja hapa Nairobi. Nilikuwa na ree na kumi. Mezani mfalme wa shupaza, kumi ya uru, nne ya pau, kisha saba, mwisho mbili. Fungu la katikati lilikuwa 24,000, jamaa akasukuma 12,000. Kulipia 12,000 ili upate fungu litakalofika 48,000 kunataka uwe sahihi mara moja tu kati ya nne. Alikuwa ameshikilia chipu moja kati ya vidole, anaizungusha, haniangalii. Sikumsoma uso. Nilihesabu. Mtu anaweza kupata ree na mfalme kwa njia 12 mezani pakiwa na mfalme mmoja, lakini ree moja ikiwa mkononi mwangu zinabaki 9. Kumi mbili za mkononi, ambazo zingempa kumi tatu, zilikuwa na njia 3, sasa ni 1. Na zile karata za mtu aliyekuwa akisubiri mfululizo wa karata tano ukakataa kuja, akabaki anadanganya, bibi na jeki, njia zake zote 16 ziko palepale. Nikalipia. Akafunua bibi na jeki.

Mzee mmoja wa meza ile akasema, "Kijana, leo umeamka na bahati." Wengine wakacheka. Bado linaniuma, nasema kweli. Hesabu hizo nimezifanya usiku baada ya kazi, pakiti ya karata imetandazwa juu ya meza ya jikoni, nikitoa moja moja na kuandika kilichobaki. Wakati ule wao walikuwa wamelala.

Sasa weka jeki zako mbili mahali pangu. Ree na mfalme zinarudi njia 12, kumi tatu zinarudi njia 3, na bibi na jeki zinabaki njia 8 tu, kwa kuwa nusu umezishika wewe. Umemfungia mlango mdanganyifu, ukamwachia mwenye mfalme nafasi yote. Karata ya tano ikishafunguliwa na dau likiwa kubwa, watu wengi hawatasukuma hivyo wakiwa na kumi, kwa hiyo ule ubora wa jeki dhidi ya kumi haukupi chochote. Pea yenye sura ndogo ndiyo ya kulipia.

Ndugu zangu, acheni kupenda karata kwa sababu ina picha! Kabla hujalipia, jiulize karata zako zinamnyima nini adui. Jiulize hivyo kila mara, hata ukiwa umechoka, hata ukiwa umepoteza.

Na msipandishe dau na pea hizi mezani palipo na mfalme. Ukipandisha, mwenye kumi anatupa, mwenye mfalme anabaki: umewafukuza uliokuwa unawashinda. Wakiwa wamebaki watu wanne kwenye fungu na mmoja akasukuma dau zito, jeki mbili tupa, ree na kumi tupa, subiri mgawo unaofuata.