Mama ni mnene, sindano haimsaidii: aongezewe dozi?

SWALI: Shikamoo nesi. Mama yangu ana kilo 112. Magoti yalimzidi, akachomwa sindano ya maumivu, diklofenaki, kwenye kalio duka la dawa hapa Himo, siku tatu mfululizo. Maumivu yako palepale, na kalio limeota donge gumu. Aliyemchoma anasema mwili mkubwa unataka dozi kubwa, mama arudi apigwe vichupa viwili kwa mkupuo. Tumrudishe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimrudishe.

Hiyo kauli ya mwili mkubwa dozi kubwa naisikia kila mara hapa Moshi, na inaniuma kila ninapoisikia. Dawa ya mama haikuwa ndogo, kuna uwezekano mkubwa haikufika. Diklofenaki ni ya kuingia ndani ya msuli. Mafuta yana damu kidogo, dawa ikimwagwa humo inanyonywa taratibu, na diklofenaki ikituama inaweza kuunguza nyama hadi kuiua. Kumwongezea ni kuunguza zaidi. Tena vichupa viwili ni miligramu 150, kiwango cha juu cha siku nzima, na sindano yake haipaswi kuzidi siku mbili. Mama ameshafika ya tatu! Figo na tumbo lake, ambavyo dawa hii huweza kuvidhuru, nani aliuliza habari zake?

Sindano yenye kishikio cha bluu ina urefu wa milimita 25, ya kijani kwa kawaida 38. Kwenye kalio la mwanamke mnene hata ya kijani mara nyingi huishia kwenye mafuta. Mwaka 2005 watafiti wa Dublin waliwachoma watu 50 kwenye kalio, kisha wakawapiga picha za CT, zinazoonyesha ndani ya mwili: kati ya wanawake 25, dawa ilifika kwenye msuli kwa wawili tu. Ndiyo maana mchomaji aliyefundishwa huhamia pembeni mwa nyonga. Kiganja hukaa juu ya nundu ya mfupa wa paja, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya nyonga, cha kati kikatanuliwa kuelekea nyuma. Unachoma katikati ya vidole hivyo. Mafuta hapo ni kidogo kuliko kwenye kalio, na mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu haupiti.

Chanjo ya homa ya ini B nayo, kwa mtu mzima, ni ya begani, si ya kalio lenye mafuta. Ikichomwa kwenye kalio, kinga inayopatikana ni hafifu, na mtu anatembea akidhani amekingwa.

Donge likiwa na moto, ngozi ikiwa nyeusi, au mguu ukifa ganzi, mpelekeni hospitali ya Mawenzi leo hii.

Lakini magoti ya mama hayakuhitaji sindano tangu mwanzo. Watu wanaamini kidonge ni cha maumivu madogo na sindano ya makubwa, na wauzaji wanaishi kwa imani hiyo. Anayetaka kukuchoma dukani, muulize sindano yake ina urefu gani na msuli anaulenga wapi. Akisitasita, vaa kanga yako uondoke.