Muulize Fundi: Kisu cha kukunja, tazama kiungo kwanza

Mwezi uliopita niliandika juu ya mapanga, na barua zilizofuata karibu zote zinauliza habari za visu vya mfukoni. Nimechagua nne. Fundi wa Ngamiani, Tanga.

Shikamoo Fundi. Nauza machungwa stendi ya Muheza, namenya kutwa nzima. Visu vya kukunja ninavyonunua kwa wamachinga vinalegea upesi, na cha mwisho kimejifunga chenyewe kikanikata kidole cha shahada. Nataka kimoja cha maana cha kukaa mfukoni. Nitazame nini? Na je, ni kweli kisu kizuri hakishikwi na sumaku?

Marahaba, na pole kwa kidole. Nianze na usiloliuliza. Mtu anayekaa sehemu moja akamenya machungwa kutwa, kisu cha kukunja si zana yake. Pale kibandani weka kisu cha kawaida kisichokunja, chenye bapa jembamba na mpini wa kujaa mkononi. Cha kukunja kiwe cha njiani: kukata kamba ya mkonge kwenye gunia, kufungua boksi, kukata embe ndani ya basi. Hata kiwe cha bei gani, hakiwezi kuwa imara sawa na kile cha kibandani, kwa sababu bapa lake limeshikwa na pini moja na nguvu yote ya mkono wako inapita hapo.

Kwa hiyo ukifika dukani, habari ya bapa iache mwanzoni, shughulika na kiungo. Kifungue, shika mpini mkono mmoja, kwa mkono mwingine bana bapa karibu na ncha, mbavuni, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza hata kidogo likiwa jipya, mrudishie mwenyewe. Halafu kifunge, ukitazame kwa juu penye mwanga. Bapa linatakiwa likae katikati ya mpini. Likiwa limeegemea upande mmoja, makali yanajikwaruza kila ukifungua na kufunga, yanakufa kabla hujakata kitu. Mwisho kifungue polepole ukisikiliza. Kizuri kinakaza kidogo mwanzo, kinateleza, kikifika mwisho kinalia "ta!" mara moja. Kile kinachofunguka chenyewe ukikitikisa hakifai kukaa mfukoni mwa suruali, nadhani sihitaji kueleza sababu.

Sasa loki, yaani kizuizi kinacholishika bapa lisijifunge ukiwa unakata. Kilichokukata naamini hakikuwa nayo. Visu vingi vya bei ya chini vina springi tu mgongoni: inalishikilia bapa, hailizuii. Ukikata kwa kuvuta hupati shida. Ukichoma kwa ncha, au makali yakinasa nawe ukasukuma, bapa linarudi juu ya vidole. Anayefanya kazi za kusukuma na kutoboa atafute chenye loki.

Ipo loki ya mgongoni, kipande cha chuma kinachoingia kwenye pengo nyuma ya bapa, nawe unakibonyeza ili kufunga. Naipenda, ila pengo likijaa uchafu haishiki, na maji ya machungwa yakikaukia humo yanaganda, basi lisafishe kwa kijiti. Ipo loki ya bati, ambapo bati la ndani ya mpini linaruka na kusimama nyuma ya bapa. Kwenye visu vizuri hiyo ni imara. Kwenye vile vya kumetameta, vyenye rangi za upinde wa mvua na springi ya kurusha bapa, bati lenyewe ni jembamba kama la kopo la maziwa. Kuijaribu loki yoyote: weka vidole mbali na njia ya makali, kisha kandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, taratibu. Ikiachia, mwambie muuzaji asante.

Ya tatu ni pete. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, ina mpini wa mti na pete ya chuma shingoni, iliyoongezwa mwaka 1955. Unaizungusha, bapa halitoki wala halirudi. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5, na kwa tunda sijaona kisu kinachokishinda, maana bapa lake ni jembamba kwelikweli. Ila mti ukilowa unavimba na kisu hakifunguki mpaka kikauke. Kwako wewe na maji ya machungwa, fikiri mara mbili.

Okapi nayo watu wataitaja. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, na Tanganyika tulikuwa humo. Mwaka 1988 jina na mitambo vilinunuliwa na Waafrika Kusini, nao ndio wanaoitengeneza leo. Ile ya asili ina pete nyuma, unaivuta ndipo inafunga. Ni kisu cha kazi, kinanoleka upesi, lakini bapa ni chuma cha kaboni. Chungwa litalifanya jeusi siku hiyohiyo, na tunda litakuwa na ladha ya msumari. Chukua stenlesi. Makali yake yanachukua muda kidogo kunoleka, lakini kwa hewa yetu ya chumvi na kwa biashara yako utashukuru.

Habari ya sumaku ni uongo wa mitaani. Sufuria na vijiko vingi vya stenlesi havishikwi na sumaku kwa sababu vina nikeli nyingi. Stenlesi ya visu imetengenezwa ili iweze kukazwa kwa moto, na hiyo sumaku inaishika vizuri tu. Kisu cha chuma kisichoshikwa kabisa ndicho cha kukitilia shaka, maana karibu kila mara ni laini na makali hayatakaa.

Fundi, hujambo. Mimi ni mama wa duka la vitambaa Mombasa, nafuata mzigo Dubai. Nataka kijisu cha mkobani cha kukatia nyuzi na kufungulia paketi. Kikubwa sitaki.

Sijambo, mama. Wewe usihangaike na loki. Victorinox ya Uswisi wana kidogo cha milimita 58 kikiwa kimefungwa, chenye mkasi, na huo mkasi ndio utakaoutumia kuliko bapa. Fungua mkasi huo mbele ya muuzaji ukate uzi mmoja. Wa bandia unautafuna uzi. Angalia pia maandishi yaliyochongwa chini ya bapa yawe safi na jina liandikwe sawasawa. Siku ya safari kitoe mkobani ukiweke kwenye sanduku la mzigo, la sivyo wale wa ukaguzi uwanja wa ndege watabaki nacho.

Shikamoo mzee. Kijana wangu anakwenda kusoma Uingereza, nataka nimpe kisu kizuri cha kukunja kiwe zawadi. Rafiki yangu ananiambia nitamfunga jela. Ni kweli? Mzazi, Morogoro.

Marahaba. Rafiki yako ana nusu ya habari. Sheria ya England na Wales ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea hadharani na kisu cha mfukoni cha kukunja bila kutoa sababu, mradi makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wageni wanaponaswa: mahakama zao zimeshaamua kwamba kisu chenye loki, hata kiwe kifupi, hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Akikutwa nacho mtaani bila sababu nzuri, ya kazi kwa mfano, ni kosa. Na chochote kile, hata cha sentimita 5, akikibeba kwa nia ya kumdhuru mtu ni kosa.

Kwa hiyo yale yote niliyomwambia muuza machungwa juu ya loki, kwako yageuze. Mnunulie kisicho na loki. Hao hao Victorinox wana visu vya milimita 91, bapa kubwa ni kama sentimita 6 na linashikwa na springi tu. Vile vyao vya milimita 111 vina loki, viache. Kama unataka hadithi ya kumpa pamoja na zawadi: Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akaanza kuwauzia wanajeshi wa Uswisi mwaka 1891, na baada ya mama yake, Victoria, kufariki mwaka 1909, akalifanya jina la mama kuwa alama ya visu vyake. Na mwambie kijana asiende nacho kwenye ndege mfukoni, wala klabu, wala uwanja wa mpira.

Fundi, nilimpa mnoaji wa baiskeli kisu changu kizuri. Kilirudi kikali, baada ya wiki kikawa butu, na kila nikinoa hakikai. Kimerogwa? Dereva wa fuso, Segera.

Hakijarogwa, kimeungua. Tazama karibu na makali, hasa kwenye ncha: kama kuna doa la buluu au la kahawia, jiwe linalozunguka kavu limekipasha moto mpaka ugumu wa chuma ukatoka. Sehemu hiyo sasa ni laini. Dawa ni kuisaga kwa mkono, kwenye jiwe lenye maji, mpaka uipite. Kwenye ncha inaweza kukuchukua jioni nzima. Wanoaji wa baiskeli si wabaya wote. Anayechovya kisu majini kila baada ya kupitisha mara moja au mbili, mpe. Asiye na kopo la maji pembeni, mpite.

Kuanzia sasa noa mwenyewe. Simamisha bapa wima juu ya jiwe, lilaze nusu, kisha nusu tena; hapo una nyuzi kama 22, zinatosha. Sukuma makali mbele bila kukandamiza, upande mmoja tu, mpaka upande wa pili ukipapasa kwa kidole gumba, kutoka mgongoni kwenda nje, uhisi ukwaru mdogo umejikunja urefu wote wa makali. Geuza, fanya hivyo hivyo. Ukwaru huo ndio unaowadanganya wengi: unakata karatasi leo, kesho umevunjika. Utoe kwa kuburuta bapa kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi. Ukiwa safarini bila jiwe, geuza kikombe cha kauri. Ile duara ya chini isiyopakwa rangi inanoa. Jaribu kwenye nyanya iliyoiva. Kisu kikiingia bila kuibonyeza, basi.

Kwenye kiungo tia tone moja la mafuta ya cherehani, fungua na kufunga, futa yanayotoka. Mafuta ya nazi usitie. Yanaganda chini ya nyuzi 24, na wewe unapanda Lushoto usiku.