Friji ya mwenye nyumba inamaliza LUKU yangu, na yeye anasema tatizo ni mimi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimepanga nyumba ya vyumba viwili hapa Dar es Salaam, kodi ya miezi sita nimeshalipa. Nilikuta friji, hita ya kuogea na kiyoyozi kimoja, vyote mali ya mwenye nyumba. Mita ya LUKU naitumia peke yangu. Tangu nihamie, umeme wa elfu ishirini haufiki wiki mbili, na mchana kutwa niko kazini. Friji inanguruma usiku na mchana. Juu inagandisha vizuri tu, lakini chini maziwa yanachacha. Fundi wa kwanza alijaza gesi, nikalipa mimi, ikakaa vizuri kama wiki mbili kisha ikarudi vilevile. Wa pili anasema kompresa imechoka, ninunue mpya. Baba mwenye nyumba anasema aliniachia friji nzima, eti mimi nafungua mlango kila saa. Na juzi nikioga, nilipogusa bomba nilihisi umeme. Nifanyeje? Na nikinunua kompresa kwa hela yangu, siku ya kuhama naruhusiwa kuondoka nayo?

JIBU: Dada, friji tutaiongelea, lakini umeliweka bomba mwishoni wakati ndilo la kwanza. Maziwa yakichacha utanunua mengine. Nenda kwenye boksi la breka, zima breka ya hita, na asioge mtu kwa hita hiyo mpaka ipimwe. Usijaribu tena kwa kugusa “uone kama bado”. Fundi apime bomba kwa testa au mita huku hita imezimwa. Kama umeme bado upo, basi unatoka kwingine ndani ya nyumba, na hapo ni kuzima swichi kuu na kumwita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, siku hiyohiyo.

Hita za kuoga za papo hapo zina koili inayokaa ndani ya maji yenyewe. Koili ikipasuka au kuchakaa, umeme unaingia kwenye maji. Kazi ya waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, ni kuupeleka umeme huo ardhini usipite kwako. Nimefungua hita nyingi kwenye nyumba za kupanga nikakuta waya huo umekatwa mfupi na kukunjwa ndani ya ukuta, haujafungwa popote, au nje hakuna kabisa fimbo ya ethi. Mwambie fundi akuonyeshe kwa macho vitu viwili: waya huo umefungwa kwenye hita na unafika ardhini, na kwenye boksi kuna swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Swichi hiyo ina kitufe kidogo chenye herufi T. Ukikibonyeza inatakiwa ikate palepale. Isipokata ni pambo. Gharama hii ni ya mwenye nyumba, na hapo usimbembeleze wala kukubali “tutaangalia mwezi ujao”.

Haya, friji. Kwa maelezo yako, siamini kwamba kompresa imechoka. Kompresa ikichoka, kwa kawaida haigandishi vizuri popote, juu wala chini. Yako inagandisha juu, maana yake baridi inatengenezwa ila haifiki chini. Nina wasiwasi pia na ile gesi. Ya kupikia inaisha kwa sababu unaichoma, lakini ya friji inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka yote. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza gesi bila kukuonyesha palipovuja na kupaziba amekuuzia wiki chache za baridi. Siku nyingine muulize swali moja tu: “Imevujia wapi?” Akianza kuzunguka, mshukuru na umfungulie geti.

Sasa angalia ndani ya friza. Kama kuta zake zenyewe zinashika barafu nene ya kukwangua, hiyo ni friji ya kawaida. Kwa aina hiyo, juu kuganda na chini kuwa vuguvugu kunaweza kweli kuletwa na gesi iliyopungua, na uvujaji ndio utafutwe. Kama kuta ni laini, hazina barafu, na nyuma kuna matundu ya kupulizia hewa, una friji isiyojenga barafu kwenye kuta (no-frost), na kwa hiyo kisa ni kingine. Nyuma ya lile pleti la plastiki kuna mabomba ya baridi na feni. Barafu hujijenga kwenye mabomba hayo kila siku, na kuna hita ndogo inayowashwa mara kwa mara kuiyeyusha. Hita hiyo ikifa, au sensa au taima inayoiongoza, barafu inajaa na kuziba njia ya hewa. Juu, karibu na barafu, panaendelea kuganda, chini hakushuki kitu. Kidhibiti joto kinaona chini bado pana joto, kwa hiyo hakiizimi kompresa. Ndiyo maana inanguruma usiku kucha.

Kujua ni rahisi na hakuna gharama. Toa vyakula, chomoa friji, acha milango wazi kuanzia jioni hadi jioni ya kesho, weka matambara chini kwa sababu maji yatakuwa mengi. Usichokonoe barafu kwa kisu, utatoboa bomba na hapo gesi itaisha kweli. Kisha washa. Chini kukipoa vizuri siku kadhaa halafu tatizo likarudi, umepata jibu: ni mfumo wa kuyeyusha barafu. Nadhani umeshajua kwa nini gesi ya yule fundi wa kwanza “ilifanya kazi” wiki mbili. Alipokuwa anahangaika, friji ilikuwa imezimwa na barafu ikayeyuka yenyewe. Sensa au hita hiyo ndogo ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa.

Kabla hujamwita mtu, jaribu pia mpira wa mlango. Bana noti kati ya mlango na bodi, funga, vuta. Ikichomoka bila kubanwa, baridi inavuja hapo. Zunguka mlango mzima, maana mara nyingi kona ya chini ndiyo mbaya. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mingine inarudi. Sogeza friji kutoka ukutani upana wa kiganja na ufute vumbi nyuma. Haya ni ya kwako, mwenye nyumba hawezi kuja kukufutia vumbi.

Kuna jambo moja ambalo watu hawaliangalii na mafundi wengi hawalisemi. Ndani ya friji, ubavuni, kuna stika yenye herufi N, SN, ST au T. Ni daraja la hali ya hewa. N na SN zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi joto 32, ST hadi 38, T hadi 43. Baadhi ya friji za mtumba kutoka Ulaya ni N au SN. Ukiiweka jikoni Dar es Salaam mwezi wa pili, dirisha limeelekea jua la jioni, itafanya kazi bila kupumzika hata ikiwa nzima kabisa. Ukikuta N, mwenye nyumba hakukudanganya aliposema haijaharibika. Imeletwa mahali ambapo si pake, na hilo hakuna mpangaji wa kulilipia. Stika hiyohiyo inaandika aina ya gesi, R134a au R600a. Ya R600a inashika moto na hupimwa kwa mizani, gramu chache tu, kwa hiyo fundi anayejaza kwa kukadiria usimruhusu.

Tuje kwenye “unafungua mlango kila saa”. Hilo linajibiwa kwa mita, na usiku. Saa nne usiku zima kila kitu isipokuwa friji, andika uniti zilizobaki. Saa kumi na mbili asubuhi andika tena kabla hujagusa mlango. Hapo hakuna aliyefungua chochote. Ukitaka jibu la haraka, tazama taa nyekundu inayomweka kwenye mita. Pembeni imeandikwa, kwa mfano, 1000 imp/kWh, yaani mmweko mmoja ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Friji ya wati 150 ikiwa inafanya kazi, taa itamweka kila baada ya sekunde 24 hivi. Ukikaa na saa nusu saa nzima na haiachi, haipumziki.

Hesabu yake ni hii. Friji ya wati 150 isiyozima inakula uniti 3.6 kwa siku. Kwa bei ya T1, kundi la watumiaji wa kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo na karibu 356 ukizijumlisha, hiyo ni kama shilingi 1,280 kwa siku, au 38,000 kwa mwezi. Friji ya ukubwa huo iliyo nzima, inayopumzika inavyotakiwa, inaweza kutumia uniti 1.2, karibu shilingi 12,800 kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya elfu ishirini na tano kila mwezi, laki tatu kwa mwaka, unazomlipia mtu ubovu wa mali yake. Na kama mita yako iko D1, kundi la watumiaji wadogo, uniti 108 za friji peke yake zinavuka zile 75 za bei nafuu. Pima kwa uniti, usipime kwa pesa uliyonunulia, kwa sababu kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021 na itakuvurugia hesabu. (Kodi hiyo nayo ni ya mwenye jengo. Mkumbushe mkikaa.)

Ila niwe mkweli kwako: friji haiko peke yake. Hita ya wati 5,400 kwa dakika kumi ni uniti 0.9, shilingi 320 kwa kuoga mara moja. Huo ni wako, na ukiuficha kwenye mazungumzo atauibua yeye.

Kuhusu nani alipe, Sheria ya Ardhi ya 1999 inazungumzia jengo na wajibu wa kila upande kulitunza, haitaji friji. Kinachotawala ni mkataba wenu na makubaliano. Kanuni ninayoona inasimama hata mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: kilichochakaa kwa umri ni cha mwenye mali, ulichovunja ni chako, usafi ni wako. Sensa haivunjwi kwa kufungua mlango.

Umeshalipa kodi ya miezi sita, kwa hiyo huna cha kumzuilia, na kelele kwenye simu hazitasaidia. Mtumie ujumbe wa maandishi, kwa adabu, na picha ya mita ya usiku na ya asubuhi:

“Shikamoo baba. Friji imetumia uniti kadhaa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi bila kufunguliwa, picha hizi hapa. Fundi ameona shida ni mfumo wa kuyeyusha barafu, makadirio yake nimeambatanisha. Naomba uchague: umtume fundi wako wiki hii, au mimi nitengeneze na tuandikiane nikate kwenye kodi ijayo, au uichukue friji yako nilete ya kwangu. Bomba la bafuni lina umeme, hita nimeizima, hilo naomba leo.”

Akijibu “sawa” tu, muulize sawa ipi kati ya tatu. Kisha hifadhi. Usikate kodi kabla hajakubali kwa maandishi, na usimruhusu fundi wako afungue kifaa chake kabla hajajua. Hapo ndipo wapangaji wenye haki wanapojikuta wakosaji. Vipuri vya zamani viweke kwenye mfuko, usimwachie fundi aondoke navyo. Akichagua ya tatu, akabidhiwe friji kwa maandishi na picha, maana friji iliyowekwa stoo bila karatasi huwa mpya kabisa siku ya kuhama. Ikishindikana yote kuna baraza la kata na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ingawa sijaona mtu akifika huko kwa ajili ya friji peke yake.

Kuhusu kuondoka na kompresa: kiufundi inawezekana, kivitendo haifai. Kompresa inachomelewa kwenye mabomba. Kuitoa ni kukata mabomba na kuiachia gesi yote, na ukishafanya hivyo utamkabidhi mwenye nyumba kabati. Atakudai friji nzima na atakuwa na haki. Kompresa iliyotolewa hivyo nayo, ikiingiwa na unyevu wa hewa, hakuna fundi makini atakayeifunga kwingine. Kwa hiyo usinunue mpaka umekubaliana naye hela inarudi vipi. Na kwa friji yako hiyo, kabla ya yote, chomoa uyeyushe barafu kwanza. Ukinitumia picha ya stika ya ndani na ya ukuta wa nyuma wa friza, nitakuambia kipuri gani uulizie dukani.