Dada wa sare za shule, usitume hiyo barua kabla hujafuta mstari wa mwisho

Usitume. Kama bado ipo kwenye rasimu, iache hapo hapo na usome hili kwanza.

Umeuliza kama barua ya kumdai mkuu wa shule imalizwe kwa "Wako mtiifu" au "Wako mwaminifu", kama "Wasalaam" inamfaa mtu asiye Mwislamu, na kama barua pepe inahitaji saini na muhuri. Waliotangulia kukujibu wote wamekimbilia utiifu na uaminifu. Mimi macho yangu yamegota kwenye mstari ulio juu yake: "Tunashukuru kwa malipo yako na kwa kuendelea kutuamini." Malipo gani, dada yangu? Si umesema mwenyewe sare 85 zimevaliwa tangu Januari na salio la 640,000 hujaliona?

Mstari huo, karibu neno kwa neno, ulinila laki tisa.

Mimi ni fundi seremala, Morogoro. Mwaka 2019 nilitengeneza meza na viti vya watoto, seti 40, kwa shule moja ya binafsi. Bei 3,600,000. Walinitangulizia 1,500,000 nikanunua mbao, ikabaki 2,100,000 ya kulipwa siku ya kupeleka mzigo. Mzigo ukafika, nikaambiwa mwenye shule yuko safarini, hundi haijasainiwa. Nikasubiri mwezi mzima, kisha nikaona niandike barua.

Karibu na karakana yangu pana steshenari, wanachapa barua, wanatoa kopi, wanapiga picha za pasipoti. Nikamweleza kijana wa pale shida yangu. Akafungua barua ya mtu mwingine iliyokuwa kwenye kompyuta yake, akabadilisha jina, akabadilisha tarehe, kichwa akaandika "YAH: MALIPO YA MEZA NA VITI", katikati akaweka "tunapenda kuwakumbusha kuhusu suala tajwa hapo juu". Kiasi hakuna. Chini kabisa hakugusa kitu: "Tunashukuru kwa malipo yenu na ushirikiano mwema. Wako mtiifu."

Nilimwuliza, hii shukrani ya nini na mimi sijalipwa? Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Mzee, barua ya kiofisi lazima iishe kwa shukrani. Ukiacha wanakuona huna adabu, wanaitupa pembeni." Maneno hayo yaliniingia, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: hata unapodai chako, unadai kwa unyenyekevu. Nikasaini. Aliyewahi kusaini karatasi huku wateja watatu wanamngoja karakana ndiye anirushie jiwe.

Nilipokwenda kufuatilia kwa mara ya nne, mhasibu niliyemzoea alikuwa ameshaondoka. Aliyekuja badala yake, kijana mpole tu, akatoa faili, akalamba kidole, akafunua hadi kwenye barua yangu. Imegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, wino wa zambarau, safi kabisa. Akaweka kidole kwenye ule mstari wa chini akanisomea polepole. Halafu akasema, "Baba, hapa umeshukuru. Mtu hushukuru akishapokea."

Sikuwa na la kumjibu. Bei tulipatana kwa mdomo. Mzigo alinipokelea mlinzi, akasaini kwenye daftari langu la mahesabu. Karatasi pekee iliyozungumzia fedha yangu ndani ya ofisi ile ilikuwa barua yangu mwenyewe, na barua yangu mwenyewe ilisema nimelipwa. Yule kijana hakuwa mwizi. Alisoma kilichoandikwa.

Miezi minane ya kwenda na kurudi. Mwishoni wakanipa 1,200,000 na kuniambia nishukuru Mungu. Mwenye mbao, ambaye nilikuwa nimebaki na deni lake, alikuwa hasikii habari za barua wala muhuri, akataka chake, nikauza randa ya umeme. Mpaka leo nikipita pale steshenari na kusikia printa inalia moyo unanichemka, kwa sababu najua kuna mtu amesimama pale dirishani anakabidhiwa mwisho ule ule. Sampuli hiyo nimeiona hata kwenye magrupu ya WhatsApp, inaitwa "barua rasmi ya kudai malipo", na ile shukrani ya chini bado ipo. Wanaosambaza vitu hivi hawajawahi kudai hata nauli. Na shuleni nako tulifundishwa anwani ikae wapi, tarehe ikae wapi, kichwa kipigiwe mstari, lakini mwisho wa barua tuliukariri kama kiitikio.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote uliyoambiwa hapa unaweza kuyaacha: sentensi ya mwisho kabla ya jina lako iseme unachosubiri. Kiasi gani, kabla ya tarehe gani, kilipwe kwa njia gani. Shukrani weka kwa kile tu kilichokwisha kukufikia mkononi, na ukitaje kwa tarakimu. Walikupa kianzio? Washukuru kwa kianzio, hicho hicho, kwa kiasi chake na tarehe yake, mwanzoni mwa barua. Hapo adabu ipo na ushahidi upo. Hata "natanguliza shukrani", ambayo angalau inaonyesha kitu bado hakijaja, kwenye barua ya deni mimi siiandiki tena.

Na usijipe moyo kwamba ni barua pepe tu. Hapa Tanzania, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa kielektroniki unapokelewa mahakamani kama ushahidi. Sheria ya Ukomo nayo inakupa miaka 6 ya kufungua shauri la deni la mkataba. Miaka 6 hiyo mkuu wa shule anaweza kuhamishwa, mhasibu akaondoka, na barua yako ikafunguliwa na mtu asiyekujua wewe wala sare zako. Yeye atasoma mstari wa mwisho.

Utiifu sasa. "Wako mtiifu" tuliirithi kwenye barua za serikali ya Mwingereza, maofisa wao walikuwa wakijisaini watumishi watiifu. Anayeomba kazi aitumie akipenda. Wewe unadai, utii unatoka wapi? "Wako mwaminifu" inatosha, au "Nakutakia kazi njema" kama zinavyomalizia ofisi nyingi za serikali siku hizi. Wakikuandikia kwa Kiingereza na ukataka kuwajibu hivyo, "Yours faithfully" ni ya barua iliyoanza na "Dear Sir", na "Yours sincerely" ni ya iliyoanza na jina la mtu. Lakini hata uweke ipi, haitakusaidia kitu kama juu yake umeshukuru kwa fedha ambayo hujapewa.

Futa mstari wako, weka huu:

"Nasubiri salio la Sh. 640,000 (laki sita na arobaini elfu) kabla ya tarehe 15 mwezi huu, kupitia akaunti iliyotajwa hapo juu. Wako mwaminifu,"

Kiasi kiandike kwa tarakimu na kwa maneno, kama nilivyofanya hapo. Akaunti uitaje kweli huko juu, maana kwenye rasimu yako sijaiona. Na kichwa usiseme "malipo ya sare", sema "salio la malipo ya sare 85".

Ukishaibadilisha iweke hapa nzima, tuisome kabla hujabonyeza kutuma. Mimi nipo mpaka saa nne usiku.